Kabla ya Kuuliza Umri wa Mchoro

Hotuba hii niliitoa mbele ya wanafunzi wa akiolojia, wahifadhi na waongoza wageni. Naiweka yote hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Picha nilizoonyesha ukumbini nimeziacha.

Mwenyekiti, walimu wangu, wanafunzi, na nyinyi ndugu zangu mnaowapeleka wageni miambani: hamjambo?

Nianze na swali. Mgeni akisimama mbele ya mchoro wa kale, huuliza nini kwanza? Naam, nawasikia huko nyuma. "Una miaka mingapi?" Siwalaumu wageni, kwa sababu hata sisi wa maabara tumekuwa tukikimbilia swali hilo hilo. Magazeti yanalipenda. Wafadhili wanalipenda. Mwanafunzi anayetafuta shahada analipenda kuliko wote.

Leo nataka kuwashawishi kwamba hilo ni swali la tatu. La kwanza ni: rangi hii ni kitu gani? La pili: imekaa katikati ya nini na nini? Ukiruka hayo mawili ukaenda moja kwa moja kwenye umri, utapata tarakimu, tena nzuri, yenye alama ya kujumlisha na kutoa pembeni, na huenda ikawa ni umri wa kitu kingine kabisa.

Tuanze na rangi yenyewe.

Nyekundu ya miambani, karibu kila mahali duniani, ni chuma. Ni udongo wenye hematiti, yaani oksidi ya chuma, ndugu wa kutu. Njano mara nyingi ni gothaiti, ambayo nayo ni chuma, ila imebeba maji ndani ya umbo lake. Ukiipasha gothaiti moto wa nyuzi 250 hadi 300 hivi, maji yanatoka na njano inageuka nyekundu. Kwa hiyo nyekundu unayoiona huenda ilichimbwa ikiwa nyekundu, au ilichimbwa njano ikapikwa. Je, tunaweza kutofautisha? Wakati mwingine ndiyo, kwa kuangalia jinsi fuwele zake zinavyotawanya eksirei. Lakini moto wa nyika nao hupasha udongo bila kumwomba mtu ruhusa. Anayewaambia kwamba kila nyekundu iliyopashwa moto ni ushahidi wa ufundi wa mpishi wa rangi, mwombeni athibitishe kwanza kwamba moto ule ulikuwa wa mpishi.

Nyeupe inaweza kuwa kaolini, jasi au chokaa. Hiyo naipita.

Nyeusi ndiyo inayotutesa. Inaweza kuwa mkaa wa kuni. Inaweza kuwa masizi. Inaweza kuwa mfupa uliochomwa. Au inaweza kuwa oksidi ya manganisi, ambayo ni madini tu ya ardhini. Kwa macho zote ni nyeusi, lakini kwa anayetaka umri tofauti yake ni kubwa mno. Mkaa una kaboni iliyotoka kwenye mti uliokuwa hai, na kaboni hiyo tunaweza kuipima umri. Manganisi haina. Hata hematiti haina. Ndiyo maana michoro myekundu, ambayo ndiyo mingi, haiwezi kupimwa umri moja kwa moja kwa kaboni.

Sasa sikilizeni kisa cha Font-de-Gaume. Ni pango la Dordogne, Ufaransa, ambalo michoro yake ilitambuliwa mwaka 1901. Kwa miaka zaidi ya 100 ilijulikana kwamba nyeusi ya eneo lile ni manganisi, basi. Pango la jirani la Rouffignac, manganisi. Pango la Lascaux, manganisi. Kila mtu aliyesoma somo hili alilijua hilo, na kwa kuwa lilijulikana, hakukuwa na haja ya kuuliza. Mwaka 2023 Ina Reiche na wenzake walitoa matokeo yao. Walikuwa wamepitisha vifaa vyao mbele ya michoro ya Font-de-Gaume bila kukwangua kitu, na baadhi ya mistari myeusi ikajibu kama kaboni. Mkaa ule ulikuwa pale pale, machoni pa watu, miaka yote hiyo. Mnaona? Haukufichwa na mwamba. Ulifichwa na jibu tulilokuwa nalo tayari.

Vifaa gani hivyo? Niwaeleze viwili, maana vinachanganywa sana, na nyinyi mnaowapokea watafiti mnavikuta mikononi mwao.

Cha kwanza kinafanana na bastola. Kinapiga eksirei kwenye mwamba, na kila elementi inajibu kwa mng'ao wake: hapa kuna chuma, hapa manganisi, hapa kalsiamu. Ni chepesi, ni cha haraka, hakigusi. Matatizo yake ni mawili. Eksirei hazisimami kwenye rangi. Zinapenya na kusoma mpaka jiwe la nyuma yake. Ni kama kutega sikio mlangoni mwa chumba kilichojaa watu: unasikia sauti zote, hujui nani kakaa wapi. Jiwe lenyewe likiwa na chuma, utasoma chuma hata pasipo na rangi. Kwa hiyo mtafiti makini hupima rangi, kisha hupima mwamba mtupu wa pembeni, tena zaidi ya mahali pamoja, ndipo anatoa hesabu. La pili: kifaa hiki hakiioni kaboni. Ni nyepesi mno kwake. Mkaa ukiwa mbele yake kitakuambia tu kwamba manganisi haipo, halafu kitanyamaza. Ukimya huo ni ushahidi, lakini ni wa nusu.

Cha pili kinatumia mwanga wa leza. Mwanga ukigonga madini, sehemu ndogo sana yake hurudi ikiwa imebadilika rangi kidogo, na kila madini hubadilisha kwa namna yake. Mhindi C. V. Raman ndiye aliyeigundua tabia hiyo mwaka 1928, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1930. Kifaa hiki hakisemi "kuna chuma". Kinasema "hii ni hematiti, siyo gothaiti". Na kaboni kinaiona vizuri. Lakini nacho kina udhaifu wake: rangi ikiwa chafu, yenye ukungu au mabaki ya viumbe, inang'aa yenyewe mpaka ishara yote inazama. Hakuna kifaa kimoja kinachojua yote, na muuzaji akikuambia kipo, shika mkoba wako.

Tusonge kwenye jambo la pili, ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote leo, na nitakaa nalo. Jiwe siyo turubai.

Turubai ya mchoraji wa kisasa inakaa kimya. Jiwe halikai kimya hata siku moja. Linanyonya maji, linatema chumvi, linaota ukungu, linajivika ngozi. Mtu alipopaka rangi yake, tayari palikuwa na ngozi chini. Alipoondoka, ngozi nyingine ikaanza kuota juu.

Ngoja niwaonyeshe kwa maneno kile ambacho wenzangu wamekiona kwa hadubini. Chukua chembe ya rangi ndogo kuliko punje ya chumvi. Izamishe kwenye gundi ngumu, ikate, isugue mpaka ing'ae, kisha iangalie kwa upande. Chini kabisa unaona punje za jiwe la mchanga, zenye kuangaza mwanga. Juu yake kuna utando wa kijivu au kahawia, mara nyingi kalsiamu oksaleti iliyotengenezwa na kuvu, kuvumwani au bakteria waliowahi kuishi pale, au jasi. Kisha mstari mwekundu, mwembamba mno, mahali pengine umekatika. Hiyo ndiyo kazi ya mchoraji, yote. Halafu juu ya nyekundu, utando mwingine. Wakati mwingine utando, nyekundu, utando, nyekundu tena: kumbe mtu alirudi akapaka upya, labda baada ya vizazi vingi. Nje ukiangalia unaona mnyama mmoja mwekundu, umekwisha.

Sasa niambieni: ukikwangua pale bila kuangalia, ukapeleka maabara, umepeleka nini? Umepeleka vyote. Oksaleti ina kaboni. Chokaa ina kaboni. Ukungu una kaboni. Maabara itakurudishia umri, na umri huo utakuwa wastani wa mambo ambayo hayajawahi kukutana.

Hapo ndipo ninapoipenda kazi ya Adelphine Bonneau na wenzake kusini mwa Afrika, iliyochapishwa mwaka 2017. Walikuwa na michoro ya Wasani, wawindaji wa asili wa kusini mwa Afrika, huko Botswana, Afrika Kusini na Lesotho. Hawakuanza na umri. Walianza kwa kutambua rangi: hii nyeusi ni mkaa, hii ni masizi, hii haina kaboni ya kutusaidia, iacheni. Wakachunguza ngozi za jiwe. Wakaondoa oksaleti kwa asidi. Ndipo wakapeleka kupima. Michoro ya Botswana ikatoa umri wa kati ya miaka 5,700 na 4,400 hivi. Kwa eneo ambalo michoro yake ilikuwa ikikadiriwa kwa kubahatisha, hiyo ni hatua kubwa. Na bado swali moja linabaki kwa kila mkaa: mti ulikufa lini, na mkaa uliokotwa lini? Kuni kavu ya jangwani inaweza kuwa imekufa zamani kabla ya mtu kuiwasha. Kaboni inapima kifo cha mti. Siku ya mchoraji haiijui.

Lakini ngozi ya jiwe si adui tu. Wakati mwingine ndiyo saa yenyewe.

Nendeni Sulawesi, Indonesia, kwenye mapango ya mawe ya chokaa. Maji yanayochuruzika pale huacha tabaka la chokaa juu ya michoro, lenye uraniamu kidogo sana. Uraniamu huoza na kuwa thoriamu kwa mwendo unaojulikana. Thoriamu haiyeyuki kirahisi kwenye maji, kwa hiyo tabaka jipya huanza likiwa halina au karibu halina. Pima uwiano wa viwili hivyo, unapata umri wa tabaka. Tabaka lipo juu ya rangi. Basi rangi ni ya zamani kuliko tabaka. Kwa njia hiyo Maxime Aubert na wenzake walitangaza mwaka 2014 alama ya mkono yenye miaka isiyopungua 39,900. Mwaka 2019, tukio la uwindaji lenye miaka isiyopungua 43,900. Mwaka 2021, nguruwe wa Leang Tedongnge, 45,500. Mwaka 2024, mchoro wa Leang Karampuang, 51,200.

Sikieni neno hilo: isiyopungua. Isiyopungua! Huo siyo umri wa mchoro. Ni umri wa chokaa iliyoufunika. Mchoro unaweza kuwa ulikaa wazi mwaka mmoja kabla ya kufunikwa, au miaka 10,000. Waongoza wageni, nawaomba sana, neno hilo msiliache njiani mnapolipeleka kwa wageni.

Na saa hii nayo hudanganya. Mwaka 2018 yalitangazwa mapango matatu ya Hispania, La Pasiega, Maltravieso na Ardales, kuwa na alama zilizozidi miaka 64,000. Wakati huo binadamu wa aina yetu walikuwa bado hawajakaa Hispania, kwa hiyo mchoraji angekuwa Neandertali, binadamu wa kale wa aina nyingine. Ubishi ukawaka, na haujazimika. Wapinzani walisema: maji yakipita kwenye chokaa yanaweza kuchukua uraniamu na kuiacha thoriamu, na saa ikasoma umri mkubwa kuliko halisi. Wengine wakasema: huko Ardales hiyo siyo rangi, ni chuma cha pango lenyewe kimejipaka chenyewe. Hilo la pili ni swali la kikemia, na lilijibiwa kwa kemia. Mwaka 2021 watafiti walilinganisha wekundu ule na mabaki ya asili yenye chuma yaliyomo pangoni, wakakuta havifanani, si kwa mchanganyiko wala kwa umbile la chembe. Rangi ililetwa kutoka nje. Nani aliileta ni mjadala mwingine, lakini angalau tumejua kwamba ililetwa. Ona jinsi swali la kwanza, rangi ni kitu gani, lilivyolazimika kurudi hata baada ya umri kutangazwa.

Na pasipokuwa na chokaa? Kule Kimberley, kaskazini-magharibi ya Australia, mwamba ni wa mchanga na rangi ni za chuma. Hakuna chokaa, hakuna mkaa. Damien Finch na wenzake wakawageukia nyigu. Nyigu wa matope hujenga viota kwenye miamba, na matope yao huwa na vipande vya mkaa kutoka mioto ya nyika. Kiota kilichokaa chini ya rangi ni cha zamani kuliko rangi. Kiota kilichokaa juu ni cha baadaye. Kangaruu mmoja mkubwa alikuwa na viota vya pande zote mbili. Mwaka 2021 wakatoa jibu: kati ya miaka 17,500 na 17,100. Mdudu alikuwa anajenga nyumba yake tu. Nafikiri hiki ndicho kisa ninachokipenda kuliko vyote katika fani hii, na nakiri sina sababu ya kisayansi.

Kuna jambo watu hunifuata nalo nje ya ukumbi, nalijibu hapa hapa. Je, walichanganya rangi na damu? Mafuta? Maziwa? Jibu fupi: walichanganya na vitu, ila kuvithibitisha ni kazi ngumu. Katika pango la Blombos, Afrika Kusini, ilipatikana mwaka 2008 na kutangazwa mwaka 2011 karakana nzima ya miaka 100,000: makombe mawili ya konokono wa baharini yenye mchanganyiko wa udongo mwekundu, mkaa na mfupa uliopondwa, pamoja na mawe ya kusagia. Huko Sibudu, pango jingine la Afrika Kusini, kwenye kipande cha jiwe cha miaka 49,000, yalionekana mabaki ya udongo mwekundu pamoja na maziwa. Vitu hivi vilifukiwa chini ya ardhi. Ukutani ni habari nyingine. Mwaka 1996 ilitangazwa kwamba michoro ya Texas ina vinasaba vya mnyama wa kale. Mwaka 2002 wengine wakarudia, wakapima na mwamba usio na rangi, na madai yale hayakuthibitika. Mwamba mtupu! Ni kile kipimo cha pembeni nilichokitaja mwanzo, na mpaka leo bado kuna watu wanaona ni kupoteza muda.

Tena mjue mnapochunguza nani anautumia mwamba huo sasa. Mongomi wa Kolo, Kondoa, eneo lililoingia Urithi wa Dunia mwaka 2006, bado ni mahali pa matambiko, na pombe ya kienyeji hunyunyizwa mwambani. Mtafiti asiyewauliza wenyeji anaweza kupata mabaki ya nafaka akadhani amegundua gundi ya mchoraji wa kale.

Hili linanifikisha kwa nyinyi mnaoshinda miambani kila siku, na hapa nitasema kwa ukali kidogo, mnivumilie.

Acheni kumwagia michoro maji. Najua kwa nini inafanyika: mgeni amelipa, mchoro umefifia, ukiulowesha unang'aa kama umepakwa jana. Watafiti wakubwa wa zamani walifanya hivyo hivyo kwa ajili ya picha zao. Lakini maji yale yanauma na kupuliza. Yanaingia ndani ya jiwe, yanayeyusha chumvi, kisha jua linapowaka yanarudi juu na chumvi yake. Chumvi inaganda kama fuwele nyuma ya rangi, inalowa, inaganda tena, na siku moja ngozi ya jiwe inabanduka yote, na mchoro juu yake. Hayo si maneno ya kutishia watoto. Huko Sulawesi, Jillian Huntley na wenzake walichunguza mapango 11 na mwaka 2021 wakaeleza jinsi chumvi inavyosukuma magamba ya mwamba kwa nyuma, kazi inayozidishwa na mabadiliko ya ukame na mvua. Huko hakuna hata aliyemwaga ndoo. Sembuse palipo na ndoo?

Na pumzi zetu pia ni maji. Lascaux ilifunguliwa kwa umma mwaka 1948, ikafungwa mwaka 1963, kwa sababu pumzi, joto na taa za wageni zilikuwa zimeleta mwani wa kijani na utando wa chokaa ukutani.

Badala ya ndoo, shika simu. Tangu mwaka 2005 kuna programu ya Jon Harman iitwayo DStretch, inayotanua tofauti ndogo za rangi ndani ya picha kwa hesabu zilizozaliwa katika uchambuzi wa picha za setilaiti. Piga picha ya mwamba unaoonekana mtupu, ipitishe humo, na miguu ya mnyama inajitokeza ambayo jicho lilishindwa kuiona. Mwonyeshe mgeni kwenye kioo. Mwamba ubaki mkavu.

Kwenu wanafunzi: siku mtakapopewa kibali cha kuchukua sampuli, anzeni na vyote visivyogusa. Pigeni picha kabla na baada, mkiweka rula pembeni. Chukueni pale ambapo rangi tayari inabanduka, kidogo kuliko mnavyotamani. Andikeni ni upande gani wa chembe ulikuwa nje, kwa sababu chembe iliyogeuzwa haisimulii tena mpangilio wa tabaka zake. Na msimalize chote, maana kesho huenda kikaja kifaa bora zaidi. Lile tukio la uwindaji la Sulawesi, lililosomwa miaka 43,900 mwaka 2019, lilipimwa tena mwaka 2024 kwa leza inayosoma tabaka la chokaa kipande kwa kipande badala ya kulisaga lote pamoja. Likatoka na miaka isiyopungua 48,000.

Nawashukuru. Sasa nayasubiri maswali yenu, na wa kwanza naona ni yule mzee wa mstari wa pili, ambaye amenyoosha mkono tangu nilipotaja nyigu.